Mguu wa Swala kwa Mama Mkwe

Katika ukoo wa mke wangu, kule vilimani kupita Kolo, mwanamume hapewi mke mpaka alete mguu. Mahari hujadiliwa, ng'ombe hutajwa, mablanketi ya wazee huletwa, lakini hayo yote yanaweza kusubiri hata mpaka mtoto wa tatu azaliwe. Mguu hausubiri. Ni mguu wa nyuma wa mnyama wa porini, aliyepigwa kwa upinde na bwana harusi mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, nao huwekwa kwenye kizingiti cha jiko la mama mkwe. Anayeuweka hasemi neno. Anauweka, anarudi nyuma hatua saba, anasimama. Mama mkwe akiuchukua na kuingia nao ndani, wewe ni mtoto wa nyumba ile. Akiuacha pale, unarudi kwenu na ng'ombe wako.

Mimi nilizaliwa Dodoma mjini, katika familia ya wauza nguo ambao mababu zao walifika na misafara wakaona hakuna haja ya kuendelea mbele. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaajiriwa kuwa karani wa masijala. Kwa miaka thelathini na sita kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuigonga muhuri, kuitia kwenye jalada lake na kuisahau. Mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kumuua alikuwa panya wa masijala, na huyo nilimwangushia jalada la mirathi.

Nilipochumbia nilipewa mwezi mmoja wa kuleta mguu. Nikanunua upinde mnadani, na kila Jumamosi nikawa nakwenda nao Nkuhungu, ambayo siku hizo ilikuwa vichaka na mashamba ya uwele. Baada ya Jumamosi tatu nilikuwa nimepoteza mishale minne na kujeruhi mtu mmoja, ambaye ni mimi, kwa sababu kamba ya upinde ilinichapa mkono wa kushoto mpaka ukabadilika rangi. Swala sikuona hata kinyesi chake. Jumamosi ya nne nilikwenda buchani.

"Nipe mguu wa nyuma wa mbuzi," nilimwambia mwenye bucha. "Mzima."

"Nikukatekatie?"

"Usiuguse. Nautaka kama ulivyo."

"Naona una sufuria kubwa, kaka," akasema, akaufunga kwenye gazeti.

Nilipofika karibu na kijiji nilitupa gazeti, nikaufunga mguu kwa majani mabichi, nikachana mkono wa shati langu na kujikwaruza shavu kwa mwiba wa mgunga ili nifanane na mtu aliyetoka mawindoni. Mwiba uliingia zaidi ya nilivyokusudia. Damu iliyonichuruzika shavuni ndicho kitu pekee cha kweli nilichokwenda nacho ukweni siku ile.

Niliuweka mguu kwenye kizingiti, nikarudi hatua saba. Mama mkwe akatoka. Aliutazama mguu, akanitazama shavu, akautazama tena mguu. Niliona midomo yake ikicheza kidogo kama mtu anayezuia chafya. Kisha akauinua, akaingia nao, na vigelegele vikapasuka uani. Baadaye nikiwa nimezungukwa na wakwe niliwaeleza jinsi nilivyomtambalia yule swala kwa tumbo, jinsi alivyoinua kichwa, na jinsi mshale mmoja tu ulivyotosha. Baba mkwe, ambaye alikuwa mwindaji anayejulikana vilima vyote vile, alinisikiliza ameshika kidevu. Mwisho akasema neno moja tu.

"Ahaa."

Ubaya wa uongo uliopikwa ukaliwa na watu sitini ni kwamba huwezi kuuchukua ukaondoka nao. Kila tulipokwenda ukweni, mzee alisubiri wageni wajae, halafu akasema, "Hebu mkwe atuambie tena ya yule swala." Nami nikasema tena. Kadiri miaka ilivyokwenda swala akawa anaota pembe ndefu zaidi, na umbali ukawa unaongezeka. Nilipojisikia siku moja nikisema kwamba nilimpiga akiwa anakimbia, niliona afadhali niache kwenda. Mke wangu akawa anakwenda Idi peke yake, mavuno peke yake, harusi za wadogo zake peke yake. Mimi nilikuwa nasingizia ukaguzi. Kwa hesabu ya mke wangu, masijala yetu ilikaguliwa kuliko benki yoyote nchini.

Mama mkwe alifariki nikiwa bado kazini. Nilikwenda, nikabeba jeneza, nikaingia kaburini kumpokea na wenzangu. Watu walikuwa wanaomba dua, na mimi nilikuwa namfikiria mbuzi. Mwanamke yule alinihesabu mtoto wake kwa ajili ya mguu ambao sikuuleta, na sasa hapakuwa na namna ya kumwambia. Haya mengine ninayoandika yana cha kuchekesha, lakini hilo halina.

Nilistaafu. Mwaka huohuo mke wangu alirudi kutoka kwao na ujumbe.

"Baba anasema jicho moja limeshafunga na la pili linafuata," aliniambia huku akivua baibui. "Anauliza kama bado unawinda."

Nilikaa barazani siku nzima, na jioni nilikuwa nimeamua. Kabla jicho la pili la mzee halijafunga, nitaweka mguu wa kweli kwenye kizingiti kile, auone, halafu nimwambie ule wa kwanza ulikuwa nini. Nikishindwa kuupata, basi atakufa akinijua kwa uongo, kama alivyokufa mkewe. Nilipanda basi kesho yake.

Uamuzi ulikuwa mzuri, ila ujasiri uliishia njiani. Nilipomkuta mzee kwenye kigoda chake nilipiga magoti kidogo kwa adabu, nikasema, "Shikamoo baba. Nimekuja kujikumbusha kuwinda. Nimekaa mjini mno, mkono umesahau."

"Marahaba mkwe," akasema bila kucheka. "Mkono husahau. Tutaukumbusha."

Nilikata kibali kwanza. Ofisa wa wanyamapori, mama mmoja mwenye miwani, aliniandikia swala mmoja dume, halafu akauliza, "Silaha?"

"Upinde."

"Upinde namba ngapi?"

"Hauna namba, mama. Ni mti."

Akavua miwani, akaita wenzake wa chumba cha pili waje wanione.

Asubuhi ya kwanza ya mawindo nilitoka na buti mpya zinazolia, koti lenye mifuko kumi na moja, na shati ambalo mke wangu alikuwa amelifukiza udi kabla ya kulitia kwenye begi, maana kwake mtu haendi ukweni ananuka jasho. Kwa ajili ya kifua nilikuwa pia nimejipaka dawa ya mafua shingoni. Mzee alikuwa na kaptura, makubazi ya tairi na kifuko cha kitambaa kiunoni. Hakusema kitu mpaka tulipofika bondeni. Hapo akafungua kifuko, akachota majivu kwa vidole viwili, akayaachia hewani. Majivu yakatutoka, yakaelekea kichakani taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda.

"Unaona?"

"Naona majivu, baba."

"Majivu yamefika. Udi umefika. Na dawa ya mafua imefika. Swala wote wa upande ule sasa wanaulizana harusi iko kwa nani, na kwa nini bwana harusi anaumwa."

Akakaa juu ya jiwe, akanyoosha miguu. "Yule wa kwanza ulimwendea vipi? Upepo ulikuwa unatoka wapi?"

"Ulikuwa... ulikuwa unatoka Dodoma."

"Ahaa," akasema. "Mbali."

Kesho yake nilioga maji matupu, nikavaa shati lake kuukuu lililokuwa limening'inia jikoni likinuka moshi. Upepo tuliuweka usoni. Lakini likatokea jambo ambalo sidhani kama mwindaji wa mahali pengine amewahi kukutana nalo. Mwenye upinde hutangulia, hilo linaeleweka. Lakini mimi nilifundishwa tangu utoto kwamba mtu hampi mkwewe mgongo. Unampisha njia, unakaa upande, huendi mbele yake ukimwonyesha makalio. Na nyuma yangu, hatua tatu, alikuwa baba mkwe. Nikajikuta natembea kiubavuubavu kama mlango uliong'oka bawaba, jicho moja mbele kwa swala, jicho moja nyuma kwa heshima. Kila baada ya hatua chache nilisimama nikamgeukia kidogo ili isionekane nimemdharau. Kwa mwendo huo sikuliona shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa. Niliingia mpaka kiunoni. Upinde ulibaki juu.

Mzee alisogea akachungulia.

"Humo ndimo ulimomkuta yule wa kwanza?"

"Samahani baba. Nilikuwa naogopa kukupa mgongo."

Alicheka mpaka akakohoa, akaketi ukingoni mwa shimo. "Sikiliza, mkwe. Ukwe uko kule kwenye nyumba. Huku kuna mwenye upinde na asiye na upinde. Nipe mgongo wako. Mgongo wako ndio nataka kuuona, maana ukinigeukia kila saa najua swala hujamwona."

Tangu siku hiyo nilimpa mgongo, ingawa kila mara shingo ilinisisimka kana kwamba marehemu mama yangu alikuwa ananiangalia.

Kosa lililofuata lilikuwa la dini, na ndilo nililolionea fahari kwanza. Sisi na ukoo ule sote ni Waislamu, na mshale ukitoka kwa jina la Mungu, nyama ni halali hata ukimkuta mnyama ameshakufa. Bila jina, mguu wangu wa pili ungekuwa na kasoro kama wa kwanza, na hilo sikutaka litokee. Basi siku ya sita tukamkuta dume anakula majani ya mgunga, hatua kama ishirini, upepo usoni, jua nyuma yetu, kila kitu kimekaa. Nilivuta. Na kwa sauti ileile ninayotumia pale msikitini kwetu Nkuhungu muadhini anaposafiri, nikatamka Bismillahi Allahu Akbar.

Bonde lote lilisikia. Kwale waliruka. Mshale ulifika palepale swala alipokuwa amesimama, ukabaki umesimama hapo peke yake.

"Amin," akasema mzee nyuma yangu.

Sikugeuka, kwa aibu.

"Mungu anasikia hata la moyoni, mkwe. Aliyekuwa na haja ya kupaziwa sauti ni swala, na umemsaidia." "Yule wa kwanza ulimtajia vipi?"

"Kwa sauti ya chini, baba."

"Basi siku nyingine tumia hiyohiyo."

Msimu wa kwanza uliisha hivyo. Siku moja tulipumzika chini ya mwamba wenye michoro ya watu wa kale, wembamba kama njiti, wameshika pinde, na mnyama mwekundu pembeni. Nilimuuliza mzee kama aliyechora alikuwa mwindaji mkubwa. Akatafuta mahali pa kutema mate. "Huyo alikuwa anakosa kila siku," akasema. "Aliyepata alikuwa nyumbani anakula. Huyu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuchora."

Mwaka wa pili nilijifunza kwamba swala si shabaha. Nilikuwa namtazama swala mzima, uzuri wake wote, masikio na mkia, na mshale nao ukawa unakwenda kwenye swala kwa jumla, yaani popote. Mzee akanifundisha kuchagua unywele mmoja nyuma ya bega na kusahau kwamba una mwenyewe. Nyumbani kwa mzee nilifanya mazoezi kwenye kiroba cha pumba. Kuku wa shemeji zangu walianza kulala kwa jirani.

Kisha nikampiga mmoja. Nasema nikampiga, lakini mshale uliingia nyuma mno, tumboni, na kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo. Niliruka juu, nikapiga kelele, nikamkimbilia. Mimi, mstaafu, na koti langu la mifuko kumi na moja. Mnyama aliyeumizwa, kama hakuona mtu, hutembea kidogo akatafuta kivuli akalala. Huyu aliniona mimi. Alikimbia akavuka kilima cha kwanza na cha pili. Tulifuata matone ya damu mpaka yalipoishia juu ya mwamba. Siku ya pili tulirudi asubuhi, na saa sita mchana tumbusi wakatuonyesha mahali. Fisi walikuwa wametutangulia.

Hapo mzee hakuniuliza habari za yule wa kwanza. Alisimama ameegemea fimbo yake kwa muda mrefu.

"Huyu amekufa mara mbili," akasema. "Mara moja kwa mshale, mara moja kwa mbio zako."

Nilimuuliza kama tunaweza kuendelea, maana kibali kilikuwa cha swala mmoja na huyo hatukumla. Akanitazama kwa lile jicho lililobaki. "Umepewa mmoja, umeua mmoja. Kibali kimekwisha." Nilikirudisha ofisini. Nilimweleza yule mama mwenye miwani ukweli wote, ukweli wa kwanza niliokuwa nimeutamka katika habari hii yote. Hakucheka safari hii. Aligonga muhuri kwamba kimetumika, nikaondoka.

Kabla sijarudi Dodoma mzee alinipa somo la mwisho. Kwao, mtu akishaachia mshale anavua viatu. Anaviweka pembeni, anakaa chini, anachomeka kijiti ardhini, na hainuki mpaka kivuli cha kijiti kimesogea upana wa kiganja. Miguu mitupu kwenye miiba haina haraka, ndiyo maana yake. "Wazee walijua ulimi hauwezi kuizuia miguu," akasema. "Wakaona wavizuie viatu."

Mwaka wa tatu nilifuatana na mke wangu, tukamkuta mzee amepungua sana. Jicho la pili lilikuwa limebakiza mwanga tu, kama dirisha lenye pazia. Alinifungulia kile kifuko cha majivu kiunoni mwake kwa kupapasa, akakifunga kiunoni kwangu.

"Nenda peke yako," akasema. "Ndivyo desturi inavyotaka. Kama ulivyokwenda kwa yule wa kwanza."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nakaa hapahapa."

Nilikwenda siku nne bila kupata. Kila jioni alisikia hatua zangu uani na kusema "Karibu," halafu hakuuliza, na kutouliza kwake kulinisukuma kuliko maneno. Siku ya tano nilikaa mapema karibu na dimbwi la mwisho lenye maji, ndani ya kichaka, nimevaa shati la moshi. Simu nilikuwa nimeiacha kimya, baada ya siku ya tatu mke wangu kunipigia, nikiwa mbele ya kundi zima la swala, kuuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Majivu yalikuja usoni kwangu. Jua likapanda. Dume akaja akasimama, akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Nilichagua unywele. Nilitaja jina la Mungu moyoni polepole, na niliona ajabu jinsi jina lile lilivyokuwa kubwa zaidi humo ndani kuliko nilipolipigia kelele.

Nikaachia. Akashtuka, akatembea, akapotea nyuma ya vichaka. Mwili wangu wote ulitaka kuruka. Nikavua viatu.

Nilichomeka kijiti, nikakaa. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba nimekaa kwenye njia ya sungusungu. Walianza na kidole kikubwa. Mtu ambaye hajawahi kukaa kimya huku sungusungu wakimpanda hadi kwenye goti, huku akiangalia kivuli cha kijiti ambacho ni kama kimegoma, hajui maana ya subira. Nililia machozi kabisa. Sikunyanyuka. Nilimfikiria yule wa mwaka wa pili, nikakaza meno, na kivuli kikafika.

Alikuwa hatua sitini na moja kutoka hapo, amelala chini ya mti, macho wazi, ametulia. Nilitarajia nitashangilia. Nikakaa tu karibu naye. Hapo ndipo nikalisema lile jina kwa sauti, maana hapakuwa na wa kukimbia tena.

Nilimpigia mke wangu simu.

"Leteni watu wa kubeba. Nimepata."

"Umepata nini?"

"Swala."

"Wa wapi?"

Nilishangaa swali lile, lakini nilikuwa na haraka.

Wakati shemeji zangu wanamalizia kuchuna kule, mimi nilitangulia na mguu begani. Jiko lilikuwa lilelile, ila mlangoni alisimama mke wangu mahali pa mama yake. Niliuweka kwenye kizingiti. Sikusema neno. Nikarudi nyuma hatua saba, nikasimama kama kijana wa miaka ishirini na sita.

Mzee aliletwa na kigoda chake. "Niwekeeni hapa kwanza," akasema, na mke wangu akamwekea mguu mapajani. Akaupapasa kuanzia juu kushuka chini. Akaugeuza. Akapapasa upande wa pili, polepole, kila mahali, akausogeza mpaka karibu na jicho lake. Akaugeuza tena. Nilishindwa kuvumilia, nikavunja desturi.

"Baba, unatafuta nini?"

"Muhuri," akasema mzee.

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Nyama ya machinjio ya mjini hukaguliwa na bwana afya, na bwana afya akiridhika huigonga muhuri wa wino wa bluu. Mimi, niliyekula mshahara wa kugonga mihuri kwa miaka thelathini na sita, nilikuwa nimevaa shati lililochanika, nimejikwaruza shavu, nimefunga mguu kwa majani, na muhuri sikuuona.

"Nilijiuliza sana," mzee akaendelea, "ni bwana afya gani huyo anayekwenda porini kumpima swala kabla hajapigwa mshale."

"Baba, nisamehe. Nilikuwa nimekuja kusema. Miaka yote hii nimekuwa..."

"Mama mkwe wako ndiye aliyeona, palepale kizingitini. Alipoingia ndani alikata kile kipande chenye muhuri, akaja akanionyesha kimekaa juu ya kisu, duara zuri kabisa, kisha akakitia motoni kabla dada zake hawajafika. Nilimwambia turudishe ng'ombe wa watu. Akakataa. Alisema mwanamume aliyejichana uso namna ile kwa ajili ya binti yetu atamlisha tu, kwa upinde au kwa bucha. Na akasema atakuja kusema mwenyewe, tumwache." Akainamisha kichwa. "Alikuwa anakungoja. Kila Idi aliuliza kama umekuja."

Nilimwangalia mke wangu.

"Na wewe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyeushika mguu mama alipokuwa anakata," akasema. "Ulikuwa unateleza. Swala hana mafuta hivyo."

"Na ukaniacha niseme zile habari zote? Za kutambaa kwa tumbo?"

"Zilikuwa tamu. Nilitaka kujua zitaishia wapi."

Mzee akamkabidhi mguu. "Peleka jikoni. Hauna kitu. Ni safi." Mke wangu akaubeba, akavuka kizingiti, akaingia nao ndani, na kutoka humo nilisikia kigelegele kimoja tu, chake peke yake, kimechanganyika na kicheko na kitu kingine.

Mchuzi ulipoiva mzee alikunywa bakuli mbili. Nyama alijaribu akairudisha. Alikuwa amebakiza meno matatu, na hayo hayakuwa yanakutana. "Ule wa muhuri niliutafuna," akasema kwa masikitiko. "Ungeniletea huu wakati ule na ule wakati huu, tungekuwa sawa." Kisha akanyoosha fimbo kunitafuta nilipo. "Haya. Tuambie ya swala."

Nikaanza kumwambia, na mara hii habari ilikuwa fupi, ina majivu, kijiti na sungusungu. Alinisikiliza ameshika kidevu. Lakini fimbo yake ilikuwa inapapasa sakafuni, ikagonga mguu wangu, ikasimama, ikagonga tena kwenye vidole vilivyovimba.

"Viatu vyako viko wapi?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimetembea kutoka dimbwini mpaka pale miguu mitupu, na sikuwa nimejua.

"Nimevisahau kule nilikompigia, baba."

Mzee aliondoa fimbo, akaegemea ukuta, akafumba lile jicho lake.

"Basi hapo," akasema, "ndipo nimeamini."

Viatu nilivifuata kesho yake. Fisi alikuwa amekula kimoja.